Acheni kuwadanganya madogo: hawa wakubwa wa historia, ujanani walilipiwa na nani?

Wakuu, salaam.

Mimi ni fundi injini za mitumbwi, mwaloni Kirumba, Mwanza. Historia naipenda tu, sikuisomea. Uzi huu umetokana na ugomvi wa nyumbani, kwa hiyo mnivumilie, nitaandika kwa vipande kila nikipata nafasi.

Nina mpwa wangu, mtoto wa dada, yuko kidato cha tatu na anakaa kwangu. Jumapili iliyopita alinifuata kazini nimelaza injini ya farasi 15 kwenye mbao, nasafisha kabureta. Akasimama pale anazungusha plagi kuukuu kidoleni. Nikajua ana neno.

"Mjomba, nataka niache shule niende visiwani kwenye dagaa. Giza hili linaloanza kuna tajiri ana nafasi ya mtu mmoja." (Giza ni zile siku zisizo na mbalamwezi, ndipo dagaa huvuliwa.)

Nikamuuliza wazo hilo kalitoa wapi. Akatoa simu. Video ya dakika mbili: bwana mmoja kavaa suti anapiga kelele jukwaani kwamba Einstein alifeli hesabu, Napoleon alikuwa wa mwisho darasani, Lincoln hakusoma, Nyerere alianza darasa la kwanza na miaka 12, kwa hiyo shule siyo maisha, amkeni!

Nilikuwa na maneno makali mdomoni, nikayameza. Kijana ukimfokea anakujibu "sawa", halafu alfajiri unaambiwa kaonekana kwenye mtumbwi wa Ukara. Nikamwambia nipe wiki moja nikazifuatilie habari hizi, ukinishinda kwa hoja nauli ya visiwani natoa mimi. Ndiyo nimekuwa nalala saa saba usiku kwa sababu ya bwana wa suti.

Nianze na Einstein, maana hiyo ni chai ya wazi. Huyu hajawahi kufeli hesabu. Kabla hajafika miaka 15 alikuwa ameshajifundisha hesabu ambazo kwetu mtu anakutana nazo kidato cha sita. Kilichotokea ni hiki: mwaka 1895, akiwa na miaka 16, alifanya mtihani wa kuingia chuo cha ufundi cha Zurich, miaka miwili kabla ya umri wa kawaida. Hesabu na fizikia akafanya vizuri sana, akaangushwa na masomo mengine, Kifaransa kikiwemo. Akarudi sekondari mji wa Aarau, akamaliza 1896, akaingia chuo. Yaani huyo mnayemtolea mfano wa kuacha shule, alipokataliwa mlangoni alirudi darasani.

Na chuoni alikula nini? Biashara za baba yake zilikuwa zinayumba. Ndugu wa upande wa mama walimtumia faranga 100 kila mwezi. Hapo ndipo nilipoanza kuona kitu. Nikajiambia, kila jina kwenye ile video nitauliza swali moja tu: nani alilipa?

Napoleon. Alizaliwa Ajaccio, kisiwa cha Corsica, Agosti 1769. Mwaka 1779, hajafikisha miaka 10, akapelekwa shule ya kijeshi ya Brienne, Ufaransa bara, anaongea Kifaransa cha kuvunjavunja na wenzake wanamcheka lafudhi. Wale mliotoka kijijini na Kisukuma chenu mkaingia bweni la mjini mnaelewa ninachosema. Alipomaliza chuo cha kijeshi cha Paris mwaka 1785 alikuwa wa 42 kati ya 58. Siyo wa mwisho, na kozi wenzake waliyokuwa wanaichukua miaka miwili yeye aliikata kwa mmoja, maana baba yake alikuwa amefariki na nyumbani hali mbaya. Ada ya Brienne ilitoka mfuko wa mfalme. Baba mtu alihangaika na makaratasi mpaka akathibitisha kwamba wao ni watu wa ukoo bora, ndipo mtoto akapata nafasi ya kusomeshwa na Louis wa 16. Mfalme huyo alikatwa kichwa Januari 1793, na Desemba mwaka huo huo kijana aliyesomeshwa kwa hela yake akawa jenerali wa jamhuri, ana miaka 24.

Lincoln nitamrudia kesho, kuna mteja kaja na injini imeingia maji.

*

KAHAWA CHUNGU: Nimekaa siti ya mbele. Lete vitu fundi.

MZEE WA MAKOROBOI: Fundi unaandika vizuri ila usitulazimishe shule. Hapa mjini kuna watu darasa la saba wana maboti kumi, na wenye digrii wanawauzia vocha.

*

Mzee wa Makoroboi, sijamlazimisha mtu. Nauliza tu nani alilipa. Hata hao wenye maboti kumi, boti la kwanza lilitoka mahali.

Haya, Lincoln. Kwamba hakusoma ni kweli kwa kiasi kikubwa. Alizaliwa 1809 kwenye kibanda cha magogo Kentucky, na ukijumlisha siku zake zote za darasani hazifiki mwaka mmoja. Mama yake, Nancy, alifariki 1818, mtoto ana miaka 9. Aliugua baada ya kunywa maziwa ya ng'ombe waliokula mmea wa sumu. Mwaka uliofuata baba akaoa mjane, Sarah Bush Johnston. Sisi Waswahili tukisikia "mama wa kambo" tunajua hadithi inakoelekea: mtoto atanyimwa chakula, atafukuzwa, atalala jikoni. Sarah kafika na gari la farasi lenye vyombo vyake na vitabu vichache. Akaikuta nyumba sakafu ni udongo, akamsimamia mumewe mpaka ikawekwa mbao. Na huyo mama mwenyewe hakujua kusoma! Baba mtu alikuwa anaona kijana akishika kitabu ni uvivu, ni mama wa kambo aliyesimama katikati akisema mwache asome. Nimerudia kipande hiki mara tatu. Mtu asiyejua herufi hata moja kapakia vitabu kwenye gari.

Video ya bwana wa suti haina Sarah. Ina Lincoln peke yake, kama vile alijiotea shambani.

Sasa Nyerere, wa kwetu huku ziwani. Hapa video imesema kweli nusu. Kambarage alizaliwa Butiama, Aprili 1922, akapewa jina la mzimu wa mvua kwa kuwa siku hiyo mvua ilikuwa inanyesha. Baba yake, Mtemi Nyerere Burito wa Wazanaki, alikuwa na wake 22, na Mgaya, mama yake Kambarage, alikuwa wa tano. Kijana alichunga mbuzi, akachongwa meno kama vijana wenzake wa Kizanaki. Mwaka 1934 ndipo akaanza shule, Mwisenge, Musoma, kilometa kama 40 kutoka nyumbani. Umri miaka 12, kweli.

Ila walichoruka ndicho kitamu. Inasimuliwa kwamba kijana alikuwa hodari wa bao, na mtemi wa jirani, wa Ikizu, alikuwa anacheza naye na kufungwa. Ni huyo mtemi aliyemwambia Burito, mtoto huyu mpeleke shule. Hebu jiweke kwenye kigoda chake. Wewe ni mtemi, watu wamekuzunguka, umefungwa mara mbili mfululizo na mchunga mbuzi. Wengi wetu tungesema dogo hebu nenda kaangalie mbuzi wa baba yako. Na tukumbuke Burito alikuwa na watoto wengi, Kambarage asingepelekwa wala hakuna mtu angeuliza kwa nini.

Mwaka 1937 kijana yuko Tabora, baadaye Makerere, halafu anafundisha St. Mary's Tabora. Safari ya Edinburgh ya mwaka 1949 nayo ina mtu nyuma yake, Padri Richard Walsh, mkuu wa ile shule, aliyempigania apate nafasi. Kwa hiyo "alianza na miaka 12" ni kweli, lakini kati ya mbuzi na Edinburgh nimehesabu watu wasiopungua watatu waliosogeza kete kwa niaba yake.

*

MTU WA NANSIO: Fundi umetusahau Ukerewe. Aniceti Kitereza, mjukuu wa Mtemi Machunda. Alizaliwa 1896, akafiwa na baba angali mdogo, akasomea kwa mapadri hapa Kagunguli, halafu 1909 akapelekwa seminari ya Rubya, upande wa Bukoba. Miaka kumi huko! Akarudi anajua Kilatini na Kijerumani, akaja kuandika kitabu kwa Kikerewe, cha maisha ya watu wetu kabla ya wazungu. Alikimaliza 1945. Kimechapwa lini? 1980, kwa Kiswahili alichokitafsiri mwenyewe. Mwaka uliofuata akafariki. Huyu alilipiwa kusoma, lakini baada ya hapo miaka 35 hakuna aliyelipa.

KAHAWA CHUNGU: Dah. Miaka 35 mkuu.

BINTI WA IGOMA: Mbona wote wanaume? Wanawake hawakuwa vijana?

*

Mtu wa Nansio, wabeja sana. Hilo la Kitereza limenikalia vibaya. Kijana kasomeshwa, kazi kaimaliza, imekaa sandukuni mpaka mzee.

Binti wa Igoma umenipiga, na una haki. Nilikuwa nakuja kwa Marie Curie, maana yeye ndiye aliyenifanya nizime simu nikakaa gizani kidogo.

Jina la kwao Maria Sklodowska, kazaliwa Warsaw 1867, Poland iko chini ya Warusi. Mama kafa kwa kifua kikuu binti ana miaka 10. Chuo kikuu cha pale hakipokei wanawake. Yeye na dada yake Bronia wote wanataka kusoma Paris na nyumbani hela hakuna. Wakakubaliana hivi: Bronia atangulie kusomea udaktari, Maria abaki afanye kazi amtumie ada, Bronia akimaliza amvute mwenzake. Si ndiyo mambo yetu haya haya? Nisomeshe nikusomeshe. Tofauti ni kwamba wao waliitimiza.

Maria akaenda shamba la beeti za sukari, mbali na mji, akawa mwalimu wa nyumbani kwa watoto wa matajiri. Alianza 1886, miaka mitatu na zaidi. Huko akapendana na kijana wa nyumba ile ile, Kazimierz, na familia ikakataa: mwanetu haoi mwalimu wa watoto. Hapo wengi wangefunga mizigo. Yeye hakuweza, maana ada ya dada ingekatika. Akaendelea kukaa meza moja na watu waliomkataa, mwezi baada ya mwezi, anatuma hela Paris. Mwaka 1891 zamu yake ikafika, akapanda treni, na 1893 akaongoza mtihani wa digrii ya fizikia. Zawadi mbili za Nobel zilikuja baadaye, hizo mnazijua.

Na huku kwetu, kwa sababu kuna mtu atauliza: Bibi Titi Mohamed, aliyezaliwa Dar es Salaam 1926, kabla ya siasa alikuwa mwimbaji wa ngoma. TANU ilipotaka kuwafikia wanawake mwaka 1955, njia ilipita kwenye vikundi vile vile vya ngoma. Nani angesema kuimba kunalipa.

*

MZEE WA MAKOROBOI: Sasa nakubana. Genghis Khan alilipiwa na nani? Yule alianza na kuua ndugu yake kwa ajili ya samaki. Samaki fundi! Hapa mwaloni kwako tungesema ni siku ya kawaida.

*

Hahaha, Mzee wa Makoroboi wewe. Ila umegusa pazuri.

Jina lake Temujin. Ana miaka kama 9 baba yake, Yesugei, akapewa sumu na Watatari. Ukoo ukaona mjane na watoto ni mzigo, wakahama na mifugo, wakawaacha porini. Mama yao, Hoelun, akawalisha matunda mwitu, mizizi anayochimba kwa kijiti, na samaki wadogo wa mtoni. Kwa Wamongolia, watu wa nyama na maziwa, kula samaki wadogo ilikuwa ni kufika mwisho kabisa. Sisi tuliolelewa kwa dagaa tusijisikie vibaya.

Siku moja Temujin na mdogo wake Khasar wakavua samaki mmoja anayeng'aa. Bekter na mwenzake, watoto wa mke mwingine, wakawanyang'anya. Kabla ya hapo walishawanyang'anya ndege waliyemtungua. Temujin na Khasar wakachukua pinde, mmoja akapita mbele mwingine nyuma, wakampiga Bekter mishale kama wanalenga shabaha. Hoelun alipojua aliwafokea kwamba hawana rafiki mwingine zaidi ya kivuli chao. Habari hii imeandikwa na Wamongolia wenyewe katika masimulizi yao ya karne ya 13, hawakuificha.

Nani alilipa? Subiri. Wataichiudi, wale wale ndugu wa baba yake waliowaacha porini, walimkamata wakamfunga kongwa shingoni. Usiku wa sherehe akampiga mlinzi kwa lile lile kongwa, akakimbia, akajilaza mtoni uso tu uko juu, mbao inaelea. Aliyemwona ni Sorkan Shira, mtu wa kambi hiyo hiyo ya maadui, akapita bila kumtaja. Baadaye kijana akamwibukia nyumbani kwake. Watoto wa mzee yule wakamvua kongwa wakalichoma moto, wakamficha kwenye gari la manyoya ya kondoo. Wasakaji wakaja wakaanza kuyafukua. Sorkan Shira akawaambia: joto lote hili, nani ataweza kukaa ndani ya manyoya? Wakaondoka.

Huyo hakulipa ada, aliweka kichwa chake na cha watoto wake rehani. Sasa kama kumwokoa kijana yule ilikuwa heri kwa dunia, hilo waulizeni watu wa Baghdad, waliochinjwa na jeshi la mjukuu wake.

Wale waliozaliwa kwenye utajiri nisiwakalie. Aleksanda wa Makedonia alifundishwa na Aristotle kuanzia miaka 13, na ada baba yake, Filipo, aliilipa kwa kuujenga upya mji wa kwao mwalimu, mji ambao Filipo huyo huyo alikuwa ameubomoa. Tuendelee.

*

MTU WA KAGEYI: Fundi nadharia yako imekaa vizuri mno, mpaka inatia shaka. Chukua Stanley, yule mzungu msafiri. Kageyi hapa Magu ndipo aliposhusha ile mashua yake Machi 1875, ilibebwa vipande vipande mabegani mwa wapagazi kutoka Bagamoyo. Na hapa hapa alimzika kijana wake, Fred Barker, aliyekuwa karani wa hoteli London. Utoto wa Stanley ulilipiwa na nani?

*

Umenishika, sikatai.

Stanley hakuwa Stanley. Alizaliwa Denbigh, Wales, mwaka 1841, akaitwa John Rowlands, mama hakuwa ameolewa na baba hakumtaka. Akiwa na miaka 6 wakamdanganya kwamba anapelekwa kwa shangazi, kumbe anafikishwa kwenye nyumba ya maskini ya St Asaph. Lango likafungwa, aliyemleta kageuza. Kakaa humo mpaka miaka 15. Mwaka 1859 akafika New Orleans kwa meli, akachukua jina la mfanyabiashara, na baadaye akadai mtu huyo alimfanya mwanawe. Waliochunguza wanasema sehemu kubwa aliitunga. Yaani alipoona hana aliyemlipia, alijitungia mmoja.

Unaweza kusema kwa ukorofi kwamba alilipiwa na kodi, maana kusoma na kuandika alijifunzia mle mle. Lakini sitajitetea. Na watu wa Bumbire, kisiwa kile cha upande wa Muleba, wanajua alichokifanya mwaka ule ule wa 1875, aliporudi na bunduki kulipiza kisasi kwa watu wenye mikuki na mawe. Utoto mbaya sikuutaja ili umsafishe.

Nimalizie na ninayempenda kuliko wote hawa, kwa sababu ni fundi. Michael Faraday, mtoto wa mhunzi, London, kazaliwa 1791. Ana miaka 14 kawekwa kujifunza kazi ya kujalidi vitabu, miaka saba. Vitabu vya wateja, kabla ya kuvishona, alikuwa anavisoma. Habari za umeme alikutana nazo hivyo, kwenye kitabu cha mtu alicholetewa atie jalada. Mteja mmoja, William Dance, akamwona, akampa tiketi za mihadhara ya Humphry Davy, mwanakemia maarufu, mwaka 1812. Kijana akaandika kila neno, akachora na vifaa, kurasa kama 300, akazijalidi mwenyewe akampelekea Davy. Mwaka 1813 akaajiriwa msaidizi wa maabara. Injini yoyote ya umeme unayoiona leo ina mkono wake.

Tiketi tu. Mteja hakutoa mji, hakutoa shamba. Nimekaa hapa kazini najiuliza katika miaka yote hii ni wangapi wamesimama mlangoni wananiangalia nafungua injini, nikawaambia tokeni mnaniziba mwanga.

*

BINTI WA IGOMA: Na wewe fundi ulilipiwa na nani? Umezunguka dunia nzima hilo umelikwepa.

MZEE WA MAKOROBOI: 😂 Jibu fundi.

*

Sijalikwepa, nilijua litakuja.

Ni dada yangu. Mama yake huyu huyu kijana. Mwaka niliotaka kwenda chuo cha ufundi yeye alikuwa anaanika dagaa kwenye mawe, anaamka saa kumi usiku kuyapokea, mvua ikigusa tu yote yanaoza na hasara ni yake. Ada ya kwanza ilitoka huko, na sanduku la spana ninalotumia mpaka leo. Tulikubaliana nikisimama nimsaidie afungue duka la vitambaa. Nilisimama. Nikaoa, nikajenga vyumba viwili, duka la vitambaa likawa la mwakani, mwakani. Mwisho akaniletea mtoto nikae naye, hakusema neno jingine.

Jana usiku nilimpa kijana simu akausoma uzi huu wote, na maoni yenu. Alisoma kimya. Alipofika kwa Bronia na Maria akauliza, "Mjomba, kumbe mama alikuwa anakudai?" Nikasema ndiyo. Akauliza kiasi gani. Nikamwambia hatujawahi kupiga hesabu. Akaniambia tupige.

Tumekaa na daftari mpaka saa sita. Yeye anaandika, mimi nakumbuka.

Habari ya visiwani hajaitaja tena wala hajasema ameiacha, na giza limeshaanza. Jumatatu kasema anaenda shule, mchana atapita karakana kuna injini ya farasi 40 hajawahi kuiona ikifunguliwa. Nauli niliyoahidi bado ipo mfukoni.

Mwenye habari za ujana wa Mirambo aziweke, nasikia alilelewa kati ya Wangoni. Mimi kuna mteja hapa nje anapiga hodi.